Mama Yumo Ndani

Sura ya Tano

Klaudia wa Kashozi alikuwa amekaa kwenye sakafu ya rumande pale Bukoba mjini, miguu kainyoosha mbele kama mwanamke aliyetoka kupalilia, na chai aliyoletewa hakutaka hata kuitazama.

"Kunywa, Ma Klaudia," Sajini Mwamvita alimwambia. "Nimeichemsha mwenyewe."

"Kunywa wewe, mwanangu. Mimi nimenyweshwa maneno ya mahakamani, nimeshiba mpaka hapa." Akajigusa kooni.

Mwamvita akaweka bilauri chini, akachuchumaa. Alikuwa binti wa Muhidini fundi cherehani, mzaliwa wa mjini, Mwislamu, na katika wapelelezi wa mkoa wa Ziwa Magharibi miaka ile mwanamke alikuwa yeye tu. Wakubwa wake walipenda kumpa kazi za kuandika na kurudi. Hii nayo alipewa hivyo hivyo. Inspekta Ayubu alisema, "Nenda Muleba, chukua maelezo ya jeraha, urudi. Mambo ya mirathi usiyaguse. Hayo yalikwisha mahakamani."

Lakini jeraha lile lilikuwa na mama yake na baba yake. Byabato, mume wa Klaudia, alikufa kwa kifua, akaacha mke, binti mmoja aitwaye Koleta, na kibanja kizuri, shamba la migomba na mibuni, upande wa Rubya huko Muleba. Mtoto wa kiume hakuacha. Kwa sheria ya mila iliyokuwa ikitumika, Koleta angeweza kukaa pale na kula matunda ya kibanja cha baba yake maisha yake yote, na mama yake ubavuni. Sasa, hata nyasi za matanga hazijaondolewa ndani ya nyumba, akatokea Rugemalira, mtoto wa baba mdogo wa Byabato, akasema marehemu alimwachia yeye kibanja chote kwa wosia wa mdomo. Wosia wa mdomo unataka mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Rugemalira akaleta wanne kamili. Wakashika Biblia wakaapa kwamba mchana ule, Klaudia alipokwenda Rubya kumwita padre, mgonjwa aliwaita chumbani kwake, akasema, wakasikia. Klaudia akasimama mahakamani akawaita waongo. Watu wakacheka. Akaambiwa ahame.

Rugemalira alipokuja na panga kukata mikungu ya kwanza, Klaudia alimpokonya panga lile akamchana mkono. Ni kwa hilo yuko rumande, na Koleta amepelekwa kwa wajomba Kashozi na kifurushi cha nguo.

Mwamvita alikuwa amezisoma kesi zote mbili akiwa amesimama, na alipomaliza alijikuta ameuma kalamu mpaka imepasuka.

"Nieleze tena siku ile," alisema.

"Nimekwisha eleza. Nilikwenda kumwita padre. Nikarudi. Usiku mume wangu akafa. Watu wale hawakuingia."

"Ulipoondoka alikuwa amelalaje?"

"Ubavu huu, anatazama ukuta."

"Uliporudi?"

"Alikuwa chali, amefutwa uso vizuri, amefunikwa..." Midomo yake ikajifunga kama mlango uliosukumwa na upepo.

"Yule mtu alikuwa hawezi kujigeuza," Mwamvita alisema polepole. "Umesema wewe mwenyewe. Aliyemgeuza na kumfuta uso ni nani?"

Klaudia akavuta kitenge juu ya miguu yake.

"Ma Klaudia, kuna mtu alikuwa chumbani, nawe unamficha. Unamficha nani?"

"Nimeahidi."

"Umemwahidi nani?"

"Nimesema nimeahidi. Nipelekeni gerezani, mimi ni mtu mzima, sitabadili kauli kama hao wenye Biblia." Akageuza uso. Chai ikapoa pale pale.

Mwamvita alitoka amekasirika mara mbili. Aliwakasirikia waongo, na aliyemfunga mdomo mwanamke huyu alimkasirikia zaidi, ingawa hajui ni nani.

Walikwenda Muleba kwa Landrova, yeye na Konstebo Saburi, dereva, kijana wa Kiislamu wa mjini aliyependa kuimba njiani. Siku ile hakuimba. Alimtazama sajini wake mara moja tu, akashika usukani kwa mikono miwili.

Kwanza Mwamvita alipita kwa mganga aliyekuwa akimtibu Byabato. Alikuwa na tumaini moja, kwamba mgonjwa mahututi wa kifua huenda alikuwa hawezi tena kusema, na kama hawezi kusema hakuna wosia, kesi imekwisha.

"Alisema mpaka mwisho," mganga akamwambia. "Kwa shida, lakini alisema. Moshi ndio ulimtesa. Hata moshi wa jikoni ukimfikia anakohoa damu. Nilimkataza tumbaku zamani, akaacha kabisa."

Tumaini likafa pale mlangoni. Mwamvita akashukuru, akarudi garini, akafunga mlango kwa nguvu hata Saburi akaruka.

"Pole, Sajini."

"Pole mpe Klaudia. Twende kwa balozi."

Balozi wa nyumba kumi alikuwa Aroni, mmoja wa wale watu baki wawili walioapa. Walimkuta uani kwake na kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi, mrija mdomoni, hana wasiwasi.

"Ndugu Sajini," alisema, akamwangalia kuanzia viatu kwenda juu. "Kwani serikali imeishiwa wanaume?"

"Wanaume wapo, Ndugu Balozi. Wengi wako gerezani, ndiyo maana kazi imetuangukia sisi. Nieleze mlivyoingia kwa Byabato."

Aroni akacheka kidogo, akafuta mdomo. "Tulipita njiani, akatuita. Mushumbusi akatangulia, yeye ana mikono ya nguvu, akamwinua kichwa apate pumzi. Sisi tukakaa kwenye nyasi. Akasema, kibanja changu nampa Rugemalira, huyu wa Kashozi hakunizalia mrithi. Basi."

"Ndani mlimkuta nani?"

"Hapana mtu. Nyumba tupu. Mwanamke anazurura njiani, mume anakata roho peke yake kama mbuzi. Andika na hilo."

"Naandika na hilo," Mwamvita alisema, na kweli aliliandika.

Mushumbusi alikuwa jirani, kibanja chake kimepakana na cha marehemu. Mtu mpana, mpole wa sauti, anayesali mbele kanisani. Alieleza yale yale. "Nilitangulia mimi. Nilimshika kichwa hivi." Akakunja viganja viwili hewani kama anayeteka maji. Josia, wa ukoo, naye akasema, "Mushumbusi alitangulia, akamshika kichwa." Wa nne alikuwa amekwenda Karagwe, hakuna aliyejua atarudi lini. Mwamvita aliwauliza kila mmoja peke yake, mbali na mwenzake, na maneno yalitoka laini, yamesuguliwa kama mpini wa jembe lililopita mikono ile ile.

Rugemalira mwenyewe alimpokea na mkono umefungwa kitambaa cheupe, amekaa kwenye kiti cha baba yake. Huyo baba zamani alikuwa na watu wa nyarubanja, wanalima kwake, wanampa mazao na heshima. Serikali ilipoifuta nyarubanja, wale watu wakawa wenye ardhi yao, na Rugemalira akabaki na kiti.

"Jeraha ni hili," alisema. "Liandike. Yule mwanamke ni wa kunyongwa."

"Ulimwona akienda Rubya siku ile?"

"Nilimwona. Alipita hapa mbele anakimbia, kitenge kimemvuka."

"Ukajua nyumbani kwake hakuna mtu."

"Kila mtu alijua," Rugemalira alijibu, kisha akamtazama Mwamvita kwa makini kidogo. "Umekuja kwa ajili ya mkono wangu au kwa ajili ya nini?"

"Nipe ufunguo wa nyumba. Nataka kuikagua kabla sijaliandika jeraha lako."

Akamrushia ufunguo. Hakujisumbua hata kumfuata.

Nyumba ya Byabato ilikuwa na sebule na chumba cha kulala, katikati ukuta wa matete na pazia la kanga iliyochakaa. Nyasi za sakafuni zilikuwa zimeanza kunyauka. Mwamvita aliinama kitandani, akapapasa ukutani, akainua nyasi upande wa kichwani. Pale, kati ya mguu wa kitanda na ukuta, vidole vyake vikagusa kitu kigumu. Akakitoa. Kilikuwa kiko cha udongo, kidogo, mrija wake mwembamba na mrefu, wa namna wanayovuta akina bibi wa Kihaya wakikaa jioni. Akakinusa. Tumbaku ilikuwamo, imeshindiliwa, lakini haikuwahi kuguswa na moto.

Byabato alikatazwa tumbaku. Klaudia hakuwa mvutaji, meno yake yalionyesha. Basi nani anakaa kando ya mgonjwa wa kifua na kiko kisichowashwa?

"Hodi humo," sauti ikasema nje.

Alikuwa mwanamke mwenye mzigo wa majani kichwani, mtoto mgongoni. "Mimi Joviana, mke wa Mushumbusi. Naleta majani ya mbuzi wa Ma Klaudia. Wasife njaa kwa kesi za watu."

"Karibu, dada. Hujui kiko hiki ni cha nani?"

Joviana akatua mzigo, akatazama, uso ukamfunguka kama aliyeona mtu wa kwao sokoni. "Kiko cha mama. Amekitafuta mpaka basi, kimefikaje..." Halafu akaona macho ya Mwamvita, akaona nguo zake za polisi, akaona ni chumba gani. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mama yako ni nani?"

"Nimekosea. Viko vinafanana."

"Dada Joviana, mwenzako yuko rumande."

Mtoto mgongoni akalia, Joviana akamtikisatikisa, naye machozi yakamtoka bila sauti. "Ma Celina," alisema mwisho. "Wa Buganguzi. Dada yake marehemu. Lakini alikuja kwenye msiba tu, wakati wa maziko, kama watu wote. Siku zile za ugonjwa mimi nilikuwa Rubya na mtoto ana homa, kwa hiyo... sijui. Mume wangu pia hajui. Hawezi kujua. Yeye ni mkwe."

Mwamvita alikuwa amezaliwa Bukoba, na mambo haya hakuhitaji kufundishwa. Mwanamume wa Kihaya na mama wa mke wake hawaonani. Akimwona mbele njiani, mmoja anaingia migombani. Nyumba aliyomo mama mkwe, mkwe haingii. Jina lake hatamki, uso wake haujui vizuri hata baada ya miaka mingi ya watoto wake kumwita mama huyo bibi. Mtu anaweza kumpiga mkewe, anaweza kulewa kanisani, watu watasema wee mpaka wachoke. Lakini hilo halifanyi.

Na Mushumbusi alikuwa ameapa kwa Biblia kwamba ndiye aliyetangulia chumbani.

"Saburi," Mwamvita aliita. "Washa gari. Buganguzi."

Celina walimkuta anaanika maharage uani. Alikuwa mwembamba, mgongo umepinda, macho makali. Mwamvita alimwamkia kwa Kihaya, akapiga goti, akapewa kigoda na punje za kahawa za kutafuna. Alitafuna kwanza, kama inavyopasa. Kisha akatoa kiko mfukoni, akakiweka juu ya maharage.

Celina alikitazama muda. "Nilijua kimeangukia pale. Nikaona haya kukirudia."

"Ulikuwapo, mama."

"Nilikuwapo. Nilipita porini, kwenye rweya, alfajiri watu hawajaamka, kwa sababu njia ya kawaida inapita mlangoni kwa mkwe. Nikaingia nikakaa ndani nisitoke. Nilikuwa nanyonya kiko kikavu, bila moto, kaka yangu asikohoe. Klaudia alipokwenda kwa padre nilibaki naye. Kichwa chake kilikuwa hapa." Akapiga paja lake. "Hakuna mtu aliyeingia. Hata kuku."

"Na ukamwambia Klaudia asikutaje."

"Nilimwambia."

"Yuko rumande, mama. Analala kwenye saruji."

"Nimesikia."

"Umesikia." Mwamvita alijaribu kuishusha sauti, ikakataa. "Koleta hana kwao. Rugemalira anakunywa lubisi ya ndizi za kaka yako. Wewe umesikia, na unaanika maharage."

Celina hakukasirika. Aliendelea kutenga maharage mabovu kwa kidole. "Wewe mwanangu una mama mkwe?"

"Sina mume."

"Basi ngoja nikuambie. Unataka nisimame mahakamani, mkwe wangu amesimama hapa, mimi hapa, nimtazame uso, nimwite mwongo mbele ya watu. Kesho yake atamrudisha binti yangu kwangu na watoto atabaki nao. Watu watasema, yule Celina alimvua mkwe wake nguo. Ningekufa kwanza."

"Yeye amekuheshimu? Ameiuza nyumba ulimozaliwa."

"Hakujua nilikuwamo."

"Angejua?"

"Angejua asingeapa," Celina alisema. "Huyo namfahamu. Ana woga wa adabu. Hana woga mwingine."

Kwa mbali Saburi alikuwa anapiga teke gurudumu la gari bila sababu. Mwamvita alikuwa amekwisha fungua mdomo aseme jambo baya, jambo la kuhusu wazee na haya zao zinazowala wengine, Celina akamkatiza.

"Mahakamani siendi. Usinipeleke kwa pingu, nitakufa njiani nikuachie kesi nyingine. Lakini nyumba ya kaka yangu naweza kwenda kukaa. Nani atanikataza kumlilia kaka yangu nyumbani kwake?"

Mwamvita akamtazama.

"Wewe si unataka wakuonyeshe walivyoingia?" bibi akauliza. "Waambie waonyeshe."

Asubuhi iliyofuata watu walijaa uani kwa Byabato. Mwamvita alikuwa ametuma habari kwamba polisi wanataka kuonyeshwa mahali wosia uliposemwa, ili jalada likamilike. Rugemalira alikuja amevaa koti, mkono wake mweupe mbele kama bendera. Aroni alikuja na kiti chake. Josia alisimama nyuma. Konstebo Saburi alikuwa amemleta Celina kabla ya jua kuchomoza, kwa njia ya rweya, akamwingiza kwa mlango wa nyuma. Aliyejua ni Joviana peke yake, naye Mwamvita alikuwa amemwambia waziwazi: ukimwonya mumeo leo asubuhi, hakuna nitakalokufanya, lakini Klaudia anafungwa. Joviana hakujibu ndiyo wala hapana. Sasa alikuwa amesimama mlangoni kwa Klaudia na mtoto mgongoni, uso wake mgumu.

"Wote mmesema Mushumbusi alitangulia," Mwamvita alitangaza. "Ni kweli, Ndugu Balozi?"

"Ni kweli. Tuharakishe, watu wana kazi."

"Josia?"

"Ni kweli."

"Basi Mushumbusi atangulie. Aingie mpaka kitandani, akae alipokaa, ashike alivyoshika. Ninyi wengine mtafuata nikiwaita."

Mushumbusi akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akaingia sebuleni. Mwamvita alimfuata kwa nyuma. Watu wakasogea, wengine wakachungulia dirishani. Mushumbusi alipita juu ya nyasi kavu zikilia chini ya miguu yake, akanyoosha mkono kushika pazia.

"Mama yumo ndani," Joviana alisema.

Hakupaza sauti. Aliyasema kama mwanamke yeyote wa pale anavyomwambia mumewe, jambo la kawaida, ili asije akakosea. Mkono wa Mushumbusi ukakwama hewani. Akaurudisha kana kwamba pazia linawaka. Akageuka kwa haraka, mgongo kwa chumba, akajivuta kofia mpaka machoni.

"Ingia," Mwamvita alimwambia.

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Mama yumo."

"Mama gani?"

"Mkwe wangu." Jasho lilikuwa limemtoka. "Sajini, hili haliwezekani. Mtoe kwanza, ndipo nitaingia."

"Siku ile ya wosia, nani alimtoa?"

"Siku ile hakuwapo. Alikuwa kwake."

Ndani ya chumba mtu akakohoa kidogo, kikohozi cha bibi mvutaji. Kisha sauti ya Celina ikatoka nyuma ya pazia, tulivu, ikizungumza na binti yake, kwa sababu na mkwe wake asingezungumza.

"Joviana. Mwambie anayeuliza kwamba mchana ule Klaudia alipokwenda kumwita padre, mimi nilikuwa hapa nilipo sasa. Kichwa cha kaka yangu kilikuwa pajani kwangu. Mwambie hivyo."

Uani kuku walisikika wakiparua. Joviana alikuwa anamtazama mumewe mgongoni.

"Anasema mchana ule alikuwa hapa," alisema. "Kichwa cha mjomba kilikuwa pajani kwake."

"Muulize mumeo," sauti ikaendelea, "kama aliingia akakishika kichwa kile, alikishika kikiwa wapi. Je, aliingiza mikono yake mapajani kwangu? Muulize. Watu wako hapo, wasikie."

Mwanamke mmoja dirishani akasema "Mawe," yaani mama wee kwa Kihaya, taratibu, akajishika shavu.

Joviana akarudia swali lote, neno kwa neno. Sauti ilimtetemeka mwanzo, mwisho ikakaza.

Mwamvita aliona uso wa Mushumbusi ukihesabu njia, na kila njia imezibwa. Akisema aliingia, basi mbele ya kijiji chote aliketi na mama mkwe wake chumbani, akamgusa, akakaa kimya, akaendelea kukaa mstari wa mbele kanisani. Akisema hakuingia, alimdanganya Mungu na hakimu. Nje, Rugemalira akaita, "Mushumbusi, usijibu upuuzi wa wanawake."

"Mwambie mama," Mushumbusi alisema. Akageukia upande wa mkewe, akaanza tena. "Joviana, mwambie mama mimi sijapata kuingia chumba alichomo. Haijatokea. Asinifikirie hivyo. Siku ile wala jana wala lini. Sijavuka mlango huu tangu Byabato ashikwe na ugonjwa."

"Rudia," Mwamvita alisema.

"Sijavuka mlango huu."

"Ulimwapia Mungu kwamba ulivuka."

Mushumbusi akazidi kuvuta kofia.

"Mungu ulimwapia uongo mchana kweupe, kwa mkono juu ya Biblia," Mwamvita alisema, na hasira aliyokuwa ameibeba tangu Bukoba ikapata pa kutua. "Mwanamke mzima ukampeleka kwenye saruji. Mtoto wa watu ukamtoa kwao. Haya yote uliyaweza. Kumdanganya mama mkwe ndiko kulikokushinda."

"Rugemalira alisema nyumba haina mtu," Mushumbusi alijibu, kofia bado machoni. "Alimwona Klaudia njiani. Alisema hakuna wa kutubishia. Alisema nitapata kipande cha chini, chenye mibuni, kinachopakana na changu."

"Mwongo," Rugemalira alisema nje, lakini hakuna aliyemgeukia. Aroni alikuwa amekwisha inua kiti chake, anaelekea migombani kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka jambo nyumbani. Konstebo Saburi akamzibia njia, akampokea kiti kwa adabu.

"Kaa, Ndugu Balozi. Gari linatosha."

Mwamvita akamtoa Mushumbusi uani, akamfunga pingu, mikono mbele. Rugemalira aliponyoosha mkono wake mweupe na kuuliza je jeraha lake, Mwamvita akamwambia, "Jeraha lako nitaliandika vizuri. Nitaandika lilipatikana wapi, na ulikuwa unakata ndizi za nani. Hakimu wa wilaya atapima mwenyewe. Panda."

Joviana alikuwa bado mlangoni. Mtoto amelala.

"Dada," Mwamvita alimwambia kwa sauti ya chini, "leo jioni utakuwa wapi?"

Joviana akatazama upande wa kibanja cha mumewe, moshi unapanda jikoni kwake, watoto wengine wako huko. "Nitakuwa kwangu," alisema. "Nimelima mimi. Anayetaka kunirudisha kwa mama aje anitoe." Kisha akainama akaanza kukusanya nyasi zilizonyauka sebuleni, akizitupa nje, ili Klaudia akirudi akute pamefagiliwa.

"Sajini," Celina akaita kutoka ndani. "Nami nitakwenda na gari lako. Nakwenda kumchukua wifi yangu. Huyo mwenye kofia atazame nyuma, mimi nitakaa mbele. Sasa mtoe huyo mbele ya mlango, nipite."

Mushumbusi alisikia. Alitaka kujifunika uso, pingu zikamkatalia. Alitaka kukimbilia migombani, Saburi akamshika mkanda. Basi akageuka hapo hapo alipo, akaweka paji la uso kwenye mgomba wa Byabato ulio karibu na ukuta, akafumba macho.

Celina akatoka, mkongojo mkononi, kanga kichwani. Alifika katikati ya uwanja akasimama. Akatoa kiko chake, akakitazama kama ki salama, akamwomba mwanamke mmoja kaa la moto kutoka jikoni. Kaa likaletwa. Akaliweka juu ya tumbaku, akavuta, haikushika, akavuta tena. Watu wote wakamngoja, polisi wakamngoja, na mkwe wake akabaki vile vile, pua kwenye mgomba, mpaka bibi aliporidhika na moto wake.